Barua ya wazi kwa wanaosimamia dawa zetu: kanga ina jina, dawa ya mtoto haina

Kwa: Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba (TMDA), Baraza la Famasi, na waganga wakuu wa wilaya
Yah: Jina la dawa anayopewa mtoto

Waheshimiwa,

Mimi si mtaalamu wa tiba. Ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Morogoro na mama wa watoto watatu, na barua hii inamhusu huyu wa kati. Nimekawia miaka minne kuiandika kwa sababu kila nilipoishika kalamu hasira ilinitangulia. Sasa imepoa kiasi. Haijaisha, na sitawaficha hilo.

Binti yangu alikuwa na miaka minne. Alikohoa, akapata homa ya usiku, mambo ya kila mtoto wakati wa masika. Nikaenda duka la dawa la mtaani, kama tufanyavyo wengi tunapoikumbuka foleni ya hospitali. Kijana wa kaunta akafungua kopo, akahesabu vidonge vitano vyeupe, akavitia kwenye kibahasha na kuandika juu yake: ½ x 2. "Mama, nusu asubuhi, nusu jioni, siku tano. Usimwachishe hata akipata nafuu." Sikumuuliza ni dawa gani, naye hakuniambia. Hakuna kati yetu aliyeona kasoro.

Dozi ikaisha, kikohozi kikaisha, kibahasha kikaenda jalalani. Siku ya nane tangu kidonge cha kwanza homa ikarudi, kali kuliko ya mwanzo. Macho yakawa mekundu, mtoto akawa anajificha uso kwapani kwangu kukimbia mwanga wa dirisha. Midomo ikapasuka, akakataa hata uji. Jirani alimtazama akasema ni surua. Mama mkwe akasema mtoto kachezewa. Nikarudi dukani, nikapewa matone ya macho na panadoli. Usiku ule yakamtoka madoa ya zambarau kifuani, na kulipokucha yalikuwa malengelenge. Nilipomwinua nimvalishe gauni tuondoke, ngozi ya mgongoni ilibaki kiganjani mwangu kama ganda la nyanya iliyomwagiwa maji ya moto.

Hospitali daktari aliuliza swali moja kabla ya mengine yote: "Alikunywa dawa gani?"

"Vidonge vyeupe."

"Vyeupe vipi?"

"Vya duara."

Alikuwa kijana mstaarabu. Hakunigombeza, aliiweka kalamu chini tu. Mume wangu akakimbilia dukani na kumkuta mtu mwingine wa zamu, ambaye alimwambia, na sikatai kuwa alisema kweli, kwamba vidonge vyeupe vya duara viko kwenye makopo zaidi ya kumi. Zilipita siku mbili ndipo mwenye duka akarudi safari, akampata yule kijana, na kijana akanyoosha kidole kwenye kopo. Kotrimoksazoli. Sisi tunaiita septrini.

Ugonjwa wenyewe unaitwa Stevens-Johnson. Jina hilo ni la madaktari wawili wa New York ambao mwaka 1922 waliandika habari za wavulana wawili, mmoja wa miaka 7 na mwingine wa 8, waliopata homa, vidonda vya mdomo, macho mabaya na madoa mwilini. Wakati ule antibayotiki hazijaingia hospitalini, na hata leo kwa watoto wengine chanzo huwa ni vimelea na wala si dawa. Lakini dawa ndiyo chanzo kinachotajwa zaidi, na dawa za salfa, kama septrini, ziko mstari wa mbele pamoja na baadhi ya dawa za kifafa na nevirapini ya VVU. Nilivyoelezwa, askari wa kinga ya mwili huigeukia ngozi na kuanza kuua seli zake, kana kwamba ndizo adui. Ngozi iliyokufa haishikamani tena na ya chini yake. Ikibanduka chini ya asilimia 10 ya mwili wanaiita Stevens-Johnson, ikipita asilimia 30 wanaipa jina jingine, na hapo hatari ya kifo inapanda sana. Binti yangu alikuwa katikati ya viwango hivyo viwili.

Mtaniambia ni ugonjwa wa nadra. Nakubali. Wanaohesabu hutaja wagonjwa wachache kwa kila watu milioni moja kwa mwaka, ingawa kwa wanaoishi na VVU hatari ni kubwa zaidi kwa mbali. Ila mtoto ambaye dawa yake haikuandikwa popote, na ambaye pengine alifia nyumbani akiitwa mgonjwa wa surua, nani alimhesabu?

Sasa niyaseme yaliyonileta, moja baada ya jingine.

1. Kibahasha.

Kanga niliyojifunga nikiandika barua hii ina jina lake, limeandikwa kwa herufi kubwa chini ya mji. Kanga haiuzwi bila jina. Dawa ya mtoto inauzwa. Kwenye kopo la vidonge 1,000 kila kitu kipo: jina, nguvu ya dawa, tarehe ya kutengenezwa na ya kuisha. Kidonge kikishatoka mle na kuingia kwenye kibahasha, habari zote hizo zinabaki rafuni na mzazi anaondoka na hesabu ya kuzidisha.

Najua mtakalojibu: wauzaji wanafundishwa kuandika. Bila shaka wanafundishwa. Maduka ya dawa muhimu yalipoanzishwa Ruvuma mwaka 2003 lengo lilikuwa hilohilo, kuondokana na duka la dawa baridi la zamani na kuweka muuzaji aliyepata mafunzo, duka linalokaguliwa, na ruhusa ya kuuza baadhi ya antibayotiki ili mtu wa kijijini asitembee nusu siku kutafuta kidonge. Nimezaliwa kijijini, sitaubeza mpango huo. Ninachosema ni kwamba mtu aliyeaminiwa kushika antibayotiki aaminiwe pia kushika kalamu, na asipoishika aulizwe.

Ninaomba kibahasha kisicho na jina la dawa, nguvu yake, tarehe na jina la duka kihesabiwe kuwa kosa la ukaguzi, sawa na dawa iliyoisha muda. Mkaguzi asiishie kutazama rafu. Asimame nje ya duka dakika kumi na kuwaomba wateja wamwonyeshe walichopewa.

2. Maswali mawili ambayo hatukuulizwa.

La kwanza ni hili: mtoto huyu amewahi kudhurika na dawa yoyote? La pili ni kama dawa yenyewe ilihitajika. Baadaye sana nilijifunza kwamba mtoto wa umri ule mwenye kikohozi huhesabiwa pumzi kwa dakika moja nzima. Zikifika 40 au zaidi, nimonia inashukiwa na antibayotiki ina kazi. Zisipofika, na hana dalili nyingine ya hatari, ni mafua ya kawaida na septrini haimsaidii kitu. Hakuna aliyehesabu pumzi za binti yangu. Huenda alichunwa ngozi na dawa ambayo hakuihitaji. Sentensi hiyo nimeifuta mara tatu na kuirudisha.

3. Ugonjwa unaovaa nguo za mwingine.

Homa, macho mekundu, vipele: ni nani hapa asingesema surua? Siwalaumu majirani, na mama mkwe pia nimeacha kumlaumu. Ngozi ikimbanduka mtoto aliyelala salama, mtu atatafuta mkono wa mtu. Kinachotupotosha zaidi ni muda. Sisi tunadhani dawa ikikukataa inakukataa papo hapo, unavimba au unawashwa saa ileile. Stevens-Johnson hutoka kati ya siku ya nne na wiki ya nne. Dozi ya siku tano inakuwa imeshasahaulika, na mzazi akiulizwa kama mtoto anatumia dawa atajibu kwa moyo mweupe kwamba hatumii.

Kwa hiyo swali la zahanati lisiwe "anatumia dawa gani?" Liwe "mwezi huu mzima amekunywa nini?" Na kwenye ukuta wa kila duka na kila kliniki ya watoto paandikwe kwa Kiswahili cha kusomeka: mtoto aliyekunywa dawa katika wiki nne zilizopita akipata homa pamoja na macho mekundu, vidonda mdomoni au ngozi inayouma na kutoa malengelenge, aachishwe dawa aliyo nayo na apelekwe hospitali siku hiyohiyo. Kuta zenu zina nafasi. Nimeziona zilivyojaa matangazo ya sabuni.

4. Salfa ni ukoo.

Hapa nitakaa kidogo, maana hapa ndipo nilipokaribia kupoteza akili.

Katika zile siku mbili za kutafuta kopo, muuguzi mmoja mwema, aliyekuwa anamwimbia mwanangu ili asilie, alimpaka mgongoni krimu nyeupe ya majeraha ya moto. Alifanya alichofundishwa kwa mtu aliyeungua, na mwanangu alionekana kama aliyeungua. Jina la krimu ile ni silva salfadiazini. Ni salfa. Mtoto aliyebabuliwa na salfa alikuwa anapakwa salfa kwenye nyama mbichi, na chumba kile kizima hakikuwa na mtu wa kulijua hilo kwa kuwa kibahasha hakikuwa na jina. Jina la dawa lilipofika, daktari aliagiza aoshwe, na kuanzia hapo alifungwa vitambaa vilivyopakwa mafuta ya vaselini tu.

Ukoo huo haukuishia hapo. Walio na umri wangu wanakumbuka nchi ilipoacha klorokwini mwaka 2001 na SP, nayo yenye salfa, ikawa dawa ya kwanza ya malaria, kabla ya dawa mseto kuchukua nafasi. Neno "aleji ya salfa" wengi tulilisikia vizuri zamani zile, tukiwa na fansida na metakelfini majumbani. SP ingalipo. Mjamzito hupewa kliniki kumkinga na malaria kuanzia miezi mitatu ya kwanza ikishapita, na huimeza palepale mbele ya muuguzi. Binti yangu ana miaka minane. Mungu akimjalia, siku moja atakaa kwenye benchi la kliniki hiyo akiwa na kikombe cha maji mkononi, mimi huenda nisiwepo, na atakayeamua kama atameza au hatameza ni karatasi.

5. Hiyo karatasi.

Tulipotoka hospitali baada ya wiki tatu, fomu ya ruhusa iliandikwa: "mzio wa dawa." Dawa ipi, haikutajwa. Miezi kumi na moja baadaye tulikuwa kituo kingine kwa ajili ya mkojo, na kwenye cheti nikasoma herufi nilizokwisha kuzijua vizuri kuliko jina la ukoo wangu. Nilimrudishia mwandikaji cheti. Akakasirika kidogo, kisha akasoma fomu yetu, akanyamaza, akaandika dawa nyingine. Mzazi asiyejua kusoma angelipia na kuondoka. Mwili ulioonja dawa hiyo mara moja ukirudishiwa, unaweza kulipuka upesi na vibaya kuliko mara ya kwanza.

Kadi ya kliniki ya mtoto ina mahali pa chanjo, uzito na vitamini A. Ninaomba iwe na mstari mmoja wa dawa zilizomdhuru: jina la dawa, tarehe, kilichotokea, sahihi na muhuri. Na kwa kuwa wengi wetu kadi tunaitia sandukuni mtoto akifika miaka mitano, mtoto aliyepata jambo zito kama hili apewe kadi ndogo ya kudumu ya kutembea nayo.

Nisieleweke vibaya, kwani upo ubaya wa upande wa pili. Watoto wengi hutokwa na vipele vidogo wakiwa kwenye amoksilini, na mara nyingi ni virusi vilevile vilivyowaletea homa. Mtu akiandika haraka "mzio wa penisilini", basi mtoto amebandikwa hadi uzeeni. Wanaopimwa upya na wataalamu, zaidi ya tisa katika kila kumi hukutwa hawana mzio huo. Kwa nchi yetu hili si dogo. Watoto wapatao 11,000 huzaliwa na selimundu Tanzania kila mwaka, na wanakingwa kwa kumeza penisilini kila siku mpaka watimize miaka mitano. Mwenye ugonjwa wa moyo wa baridi yabisi huchomwa sindano ya penisilini kila baada ya wiki tatu au nne. Ukimbandika mtoto wa aina hiyo jina la uongo umemvua ngao. Ndiyo maana nasema paandikwe kilichotokea, kwa maneno: vipele tu, au malengelenge na ngozi kubanduka. Neno "aleji" peke yake halisemi kitu.

6. Fomu ya njano.

Mwaka 1993 Tanzania iliingia katika mpango wa Shirika la Afya Duniani wa kufuatilia madhara ya dawa. Fomu ya kutoa taarifa ipo, ni ya njano. Niliuliza katika vituo vitatu. Kimoja walikuwa nayo, kwenye droo, mpya kabisa, bado imefungwa kwa mpira. Cha pili walinielekeza kwa mtu aliyekuwa likizo. Cha tatu waliniuliza kama nataka kumshtaki mtu.

Hapo ndipo penye tatizo. Mhudumu anaona kujaza fomu ni kujichongea. Nani amemwambia hivyo? Dawa iliyotolewa sawasawa inaweza kumdhuru mtoto bila kosa la mtu, na fomu ile ni ya kuihoji dawa. Hatuhitaji kwenda mbali kupata ushahidi wa kazi yake. Thiasetazoni ilikuwa dawa ya bei nafuu ya kifua kikuu, ikitolewa kote Afrika Mashariki. Ni baada ya wagonjwa wa Nairobi wenye VVU kubanduka ngozi, na watu kukaa chini wakawaandika mmoja mmoja na kuchapisha mwaka 1991, ndipo ulimwengu ulipoambiwa usiwape tena wagonjwa wa aina hiyo dawa ile.

Ninaomba kila hospitali ya wilaya itakiwe kutuma taarifa ya kila mtoto aliyelazwa kwa ngozi kubanduka, na TMDA iirudishie hospitali majibu. Mtu asiyejibiwa haandiki mara ya pili. Na msisahau kwamba Moshi, pale hospitali ya KCMC, tuna kituo kilichofunguliwa mwaka 1992 kinachofundisha wataalamu wa ngozi kutoka nchi nyingi za Afrika. Wageni wanavuka mipaka kuja kusoma kwetu. Namba ya simu ya mtaalamu wa zamu ingeweza kubandikwa kila wodi ya watoto.

Wapo watakaosema nataka septrini ipigwe marufuku. Hapana. Mtoto wa dada yangu alizaliwa na mama mwenye VVU na alianza septrini akiwa na wiki sita, kila siku, na leo anacheza mpira. Dawa hiyo imewaokoa watoto kama yeye kwa maelfu. Sina ugomvi na kidonge. Ugomvi wangu ni na kibahasha, na kalamu iliyoona uvivu kuandika neno moja.

Binti yangu anaendelea vizuri, wanaouliza huwa nawaambia hivyo. Kucha zilizong'oka zimeota. Mgongo una mabaka ambayo hayaniumizi tena kuyatazama. Jicho la kushoto lina kovu na halitoi machozi ya kutosha, kwa hiyo tunanunua machozi ya chupa, tone moja kila saa anapokuwa darasani, na juani anavaa kofia pana ambayo wenzake wameipa jina. Anataka kuwa rubani. Bado sijamwambia kuhusu jicho.

Kadi yake ya kliniki naihifadhi kwenye mfuko wa nailoni. Jina la dawa nimeliandika mwenyewe juu ya ganda, kwa kalamu nyekundu, kwa mwandiko wa ubaoni: SEPTRINI. HAPEWI SALFA. Muuguzi mmoja aliisoma akaniuliza, "Hii ameandika nani? Mbona haina muhuri?"

Naomba muhuri.

Wenu katika ujenzi wa taifa,
Mama wa watoto watatu, Morogoro